Filamu ya Wageni wa Marcella

Mume wa Marcella alipofariki alimwachia kisiagi cha mahindi pale Macalder, penye machimbo ya dhahabu. Mashine ilipoharibika kabisa, Marcella hakuiuza nyumba. Aliondoa unga uliogandamana ukutani, akatandika magunia sakafuni, akaanza kulaza watu.

Bei ya dhahabu ilikuwa imepanda, na vijana walikuwa wanashuka kutoka Kisii, Kuria, Homa Bay, hata kuvuka mpaka wa Tanzania, kila mmoja na begi lake na namba ya mtu ambaye hashiki simu. Vyumba vya kukodi vilijaa. Waliokosa mahali walilala kwenye baraza za maduka, wakaamshwa kwa maji ya kudekia. Marcella mwenyewe aliwahi kufika hivyo, akitoka Kisii na ndizi za kuuza, hajui mtu. Kwa hiyo hakuwauliza maswali mengi. "Ingia," alisema. "Viatu acha mlangoni."

Kati ya wageni hao alikuwamo Boaz Omondi, seremala wa Rodi Kopany, mtu mzima mwenye watoto. Shimo alimopata kazi lilijaa maji, na tangu hapo alikuwa akiokota mawe yaliyotupwa na wachimbaji, akiyaponda pamoja na akina mama kutafuta chembe za dhahabu. Nyumbani alikuwa amesema ameajiriwa kama askari wa kampuni. Jumapili alisimama nje ya kisiagi akiongea na mkewe kwenye simu, akimweleza kuhusu viatu vizito alivyopewa kazini, na Marcella, akiosha sufuria karibu naye, alijifanya hasikii.

Kisha akaja Terry, msichana wa Homa Bay aliyekuwa anapiga filamu kuhusu watu wanaowapa wageni makao. Marcella alifurahi kuliko alivyotaka kuonyesha. Siku hiyo alipika samaki. Wageni, waliozoea uji na sukuma wiki, walitazamana, wakala.

Terry alimwomba kila mmoja ruhusa. Boaz alikataa, na Terry hakumsumbua. Lakini baadaye alimwambia Marcella, "Ningepata baba mmoja mwenye familia, hii filamu ingeshika watu."

Marcella alimfuata Boaz nyuma ya nyumba.

"Boaz, nisaidie. Hii kitu itaonyeshwa ng'ambo tu, kwa wazungu. Huku haitafika."

"Mama, una uhakika?"

"Nina uhakika."

Hakuwa amemuuliza Terry lolote. Boaz alimtazama kama mtu anayetazama sahani aliyokwisha kulia chakula na sasa anadaiwa. Akaingia, akaketi alipoonyeshwa, akasema yote: shimo, mawe, uongo aliomwambia mkewe. Katikati alilia. Marcella alimshika bega, na hata wakati huo alijua kamera inamwona akimshika.

Filamu ilionyeshwa kwenye televisheni, kisha ikasambaa kwenye simu. Padre alimtaja Marcella katika misa. Watu asiowajua walimsalimia barabarani. Asubuhi moja aliingia kisiagini na chai, akakuta gunia la Boaz limekunjwa vizuri, mwenyewe hayupo.

"Ameenda kisiwani Remba," mgeni mmoja alimwambia. "Wakwe wake waliona ile video. Sokoni kwao siku hizi wanamcheka, wanamwita Afande."

Marcella aliiweka chai chini. Kwa siku kadhaa hakuweza kumtazama mgeni yeyote usoni. Mwishowe alipanda gari hadi Rodi Kopany, akaulizia Mourine, mke wa Boaz, akaonyeshwa mwanamke anayepima omena, wale samaki wadogo, kwa kopo.

"Mimi ndiye Marcella."

"Najua," Mourine alisema. "Nimekuona kwa simu. Keti, Mama."

Akamvutia kiti. Ukarimu ule ulimchoma Marcella kuliko matusi aliyokuwa amejiandalia. Alieleza yote bila kujitetea: jinsi Boaz alivyokataa, na uongo ambao yeye alimwambia nyuma ya nyumba. Mourine alimaliza kumpimia mteja, akafunga mfuko.

"Mama, mimi nilijua hana kazi. Nilijua tangu mwanzo. Askari gani anaongea na bibi yake na huku nyuma watu wanaponda mawe? Nilikuwa namuuliza habari ya viatu ili apate kitu ya kusema. Hiyo heshima yake ilikuwa ndogo, lakini tulikuwa tunaishika sisi wawili. Sasa imeshikwa na soko yote."

Mourine alichukua simu, akapiga, akasema maneno machache kwa Kijaluo, akamkabidhi.

"Boaz," Marcella alisema. "Nilikudanganya."

Upepo wa ziwani ulivuma kwenye simu. "Mama, ulinipa chakula na mahali pa kulala. Siwezi kukutukana. Lakini usinipigie tena."

Jioni hiyo Marcella alimpigia Terry, akamwambia jinsi ruhusa ile ilivyopatikana. Terry akaahidi kukata sehemu ya Boaz. Aliikata. Ila watu walikuwa wamekwisha kutumiana video ile ya kwanza.

Boaz alibaki Remba akitengeneza mashua za watu. Habari hizo Marcella alizipata kwa Mourine. Aliendelea kulaza wageni, kwa kuwa waliendelea kuja.

Mwisho wa mwaka akina mama wa kanisa walimwandalia leso ya heshima. Marcella alisimama mbele yao, akakataa kuipokea, akawaeleza alivyomdanganya mtu aliyelala chini ya paa lake ili yeye asifiwe. Alipomaliza, Emmah, mwenyekiti wao, alimwendea, akamfunga leso ile mabegani.

"Lakini Mungu anajua nia yako ilikuwa nzuri," alisema, na wengine wakapiga makofi.

Marcella alirudi kuketi akiwa nayo mabegani, uso chini, hana njia ya kuwafanya wamwamini.