Ukoko Uliotiwa Maji

Jumapili iliyopita nilikuwa mtaani Langas kwa mama, nimemleta binti yangu wa miaka mitatu akae naye kidogo wakati mimi narudi kazini Nairobi. Mkoba ulikuwa begani tayari. Mama akainama, akamwambia mjukuu wake kwa sauti tamu, "Enda jikoni ulete sahani yako, shosho akupatie chapo." Mtoto akakimbia. Mama akanikonyeza nitoke haraka. Miguu ilikataa, ndugu yangu, maana maneno hayo nayajua.

Nilipokuwa na umri wa binti yangu, mama alishinda dukani, pale mbele ya nyumba, na mimi nilishinda na Auntie. Ndivyo tulivyomwita msichana wetu wa kazi, Mkalenjin mrefu, mpole, aliyetoka mashambani nje ya mji. Mama alinizaa, lakini aliyenilisha ni Auntie. Nilikuwa mlafi wa kutajika. Uji wa wimbi nililamba hadi chini ya kikombe, viazi vilinibabua ulimi na sikungoja vipoe. Jirani alikuwa akisema atakayenioa ajipange na shamba la mahindi.

Ila penzi langu hasa lilikuwa ukoko. Auntie akishapakua ugali, alirudisha sufuria kwenye makaa yanayofifia, akaiacha hadi ule ugali ulioshika chini ukauke na kujibandua wenyewe. Hapo ndipo aliponituma sahani yangu nyekundu ya plastiki. Aliuvunja ukoko vipandevipande, akaumiminia mursik kutoka kwenye kibuyu alichokuja nacho kutoka kwao, maziwa yaliyolala, yenye chenga nyeusi za mkaa. Mama hakuyataka, alisema yananuka moshi. Tulikula wawili tu, tumeketi sakafuni, migongo ukutani. Nikiharakisha, Auntie alicheka. "Kula pole pole. Hii haitoroki."

Siku moja akavaa nguo ya kanisani, na haikuwa Jumapili. Mimi niliiona inapendeza tu. Harufu ya ukoko ilikuwa imejaa jikoni. Akaniambia kama kawaida, "Enda ulete sahani yako nikukwangulie." Nikakimbia chumbani.

Niliporudi, jikoni hapakuwa na Auntie. Kibuyu hakikuwa kwenye msumari wake. Sufuria ilikuwa chini, imejazwa maji, na ukoko wangu ulikuwa unalowa ndani yake. Mama alisimama mlangoni, akasema Auntie ameenda posho mill kusaga mahindi, anarudi sasa hivi. Nikaketi mahali petu na sahani mapajani, nikimngoja.

Hakurudi. Alikuwa ameenda kuolewa, nikaja kuambiwa nikiwa tayari naenda shule. Wote walijua, mama, baba, hata jirani na utani wake. Lakini niliyemkasirikia ni Auntie, kwa sababu aliyenituma sahani ni yeye, kwa mdomo wake. Kuondoka ningemsamehe. Ile sahani sikumsamehe, na kwa muda mrefu sikukubali kutumwa kitu chochote na mtu ninayempenda.

Siku hizi mama anapikia sufuria ya kisasa, ugali haushiki na ukoko haupo. Mursik nanunua kwenye chupa ya plastiki. Ni nzuri, ila nainywa nikiwa peke yangu. Auntie sijui aliko.

Basi Jumapili nilisimama pale pale. Binti akarudi na sahani, akauona mkoba. Nikachuchumaa, nikamwambia, "Mama yako anaenda kazini. Utabaki na shosho, nitakuja kukuchukua." Akaiangusha sahani, akanishika shingo, akalia kwa nguvu zake zote.

Mama alikasirika. "Sasa ona. Ungeenda tu, angesahau. Si hata wewe ulisahau?"

"Sikusahau," nikasema. "Auntie angeniaga tu. Angenipa ule ukoko kwanza."

Mama akaokota sahani, akaifuta kwa leso, ingawa ilikuwa safi.

"Alitaka," akasema. "Alitaka akupatie kwanza, mkule, ndio aende. Ni mimi nilimwambia akutume. Ulipokimbia akaanza kulia, nikaweka hiyo sufuria maji, ndio asipate sababu ya kukungoja."

Nikabaki nimemkumbatia mtoto. Kumbe miaka yote hii nimemnunia aliyetaka kunilisha mara ya mwisho, na kila Krismasi nimekuwa nikija kula kwa aliyemzuia.