Nelius na Makapera wa Kianjai

Mjukuu wangu Nelius alizaliwa akiuliza. Hata meno ya utoto hayajaisha kung'oka, alimsimamisha pasta mlangoni mwa kanisa akataka kujua kwa nini akina mama ndio hupika na wazee ndio huitwa mezani kwanza. Pasta akakumbuka ghafla kwamba ana safari. Kwa hivyo alipoitwa chuo kikuu kusomea sosholojia, mimi sikushangaa. Aliyeshangaa ni baba yake, Nyaga.

"Hiyo inatibu nini?"

"Haitibu, baba. Ni kuchunguza jinsi watu wanavyoishi pamoja."

"Basi shosho yako ana digrii tayari."

Sikuona ubaya wa neno hilo. Nilisoma mpaka darasa la saba, la wakati ule, si hili la sasa, na hapa Kianjai hakuna boma nisilolijua habari zake.

Mwaka wa nne mwalimu wake akamtuma utafiti: kwa nini vijana wa siku hizi wanachelewa kuoa. Apite nyumba kwa nyumba, aulize, alete ukweli. Bila huo ukweli, hakuna kuvaa joho. Nikamwambia hutaenda peke yako, watu wana mbwa. Nikajifunga leso mpya, nikashika bakora, tukatoka.

Tulianza kwa Mama Mwongera. Huyo Mwongera ni mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, mwenye usingizi wa mtoto mchanga. Nelius akauliza kwa adabu: kijana anafanya kazi gani? Anakunywa? Mbona hajaoa?

Mama Mwongera akanitazama mimi, akamtazama msichana, akanitazama mimi tena. Akainuka akaleta uji.

"Mwongera wangu? Huyo huamka kabla ya jogoo. Pombe akisikia tu harufu, anatapika."

"Na kuoa?"

"Alikuwa anangoja msichana msomi."

Papo hapo Mwongera akatokea nyuma ya nyumba amevaa suti ya mjomba wake, jembe mkononi, akaanza kupalilia maua. Hawana maua. Akapalilia tu.

Kufika kwa kina Kithaka, kijana ameshanyolewa, sabuni bado iko sikioni. Boma la tatu walikuwa wanakimbiza kuku wa kuchinja. Tuliporudi nyumbani Nelius akajitupa kitini.

"Shosho, nimeisha. Hapa hakuna kapera, kuna malaika watupu. Mwalimu atasema nimejitungia. Joho nitaliona kwa wenzangu."

"Watu wamekupa kuku na uji, unalia nini?"

Halafu nikakumbuka. Kwetu, msichana akiingia boma la watu na shosho yake, waanze kuuliza habari za kijana, huo si utafiti. Hapo anakaguliwa bwana harusi. Kosa ni la huyo mwalimu, angeniambia mapema. Nilipomweleza Nelius, alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akachukua kalamu.

"Shosho, ukitaka kujua kijana wa watu vizuri, unamwuliza mama yake?"

"Nani mjinga hivyo? Unauliza jirani."

Kesho yake akarudi kila boma peke yake, mbwa wasimfanye kitu, na hakuuliza habari za mwenye nyumba hata kidogo. Aliuliza tu: vijana wa hapo ng'ambo ya ua, mbona hawaoi? Ee! Uji haukuletwa, hakukuwa na nafasi.

"Kithaka?" akasema Mama Mwongera. "Pesa ya miraa haijawahi kulala kwake. Inalala baa."

"Mwongera?" akasema Mama Kithaka. "Jua likimchoma mguu wa kushoto, anageuka lichome wa kulia."

Nelius aliandika mpaka kalamu ikakauka. Nikamwambia aweke na majina, akakataa, ati sosholojia haitaji mtu kwa jina. Elimu ya ajabu! Habari tamu hivyo, na hazina wenyewe.

Sasa, Mwongera. Tangu siku ile ya maua huyo mtu huamka kweli. Kila asubuhi anapita langoni kwangu na suti ile ile, anaulizia majibu. Wiki jana yakatoka.

"Shosho, habari ya majibu?"

"Yametoka. Nelius amepita. Atavaa joho."

Akanyoosha kola, akakohoa kidogo.

"Na mimi?"