Walipatana Kilo za Bwana Yangu

Katika ukoo wa bwana yangu hapakuwa na jambo kubwa lililoamuliwa bila kaka yake mkubwa kukaa mbele na kusema. Sisi wote tulimwita Yaya, kama anavyoitwa mkubwa wa nyumba huku Bukavu. Kununua shamba kule Mudaka, Yaya. Kugombana na jirani juu ya mfereji, Yaya. Na walipokwenda Walungu kunitolea mahari kwa baba yangu, msemaji alikuwa ni yeye. Baba alitaja ng'ombe wengi mpaka mimi mwenyewe nikaona haya nyuma ya pazia. Yaya akataja wachache mpaka shangazi zangu wakasonya. Jioni wakakutana katikati, wakacheka, wakanywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ya kibuyu kimoja. Wageni walipoondoka baba alisema, "Ule mutu anajua kupatana." Ni kweli, alijua. Ndiyo shida yangu naye mpaka leo.

Bwana yangu alikuwa fundi wa umeme mchana, na jioni alikuwa mtu wa bokse, wa kupigana ngumi. Miaka ile ya Zaïre kila kona ya mtaa wetu wa Kadutu ilikuwa na kijana anayejifunga vitambaa mikononi na kupiga hewa, lakini wa kwangu alikuwa anaijua kazi, na watu walilipa kuja kumtazama. Aliponioa alikuwa mwembamba, mbavu zinahesabika. Bugali yangu ilimjaza. Akiwa mzima, amekula na amelala vizuri, mizani ilimsomea kilo sitini na tisa, na mimi nilijivunia zile kilo kwa sababu nilizipika mwenyewe.

Kisha wakaja watu wa Kisangani. Walikuwa na mchezaji wao, na walitaka apigane na wa kwangu hapa Bukavu. Mambo hayo yanaanza na kontra. Wanaandika siku, wanaandika pesa, halafu wanaandika kilo: asubuhi ya pambano kila mmoja anapanda kwenye mizani, na atakayezidisha kilo zilizoandikwa ameshindwa kabla hajapigwa hata ngumi moja. Kwa hiyo kilo zinapatanwa. Na mwenye kupatana kwetu ni nani? Yaya, bila shaka. Alikuja na abakosti yake mpya, lile koti la wakubwa wa enzi ile, akaketi katika kiti cha bwana yangu, naye bwana yangu akakaa kwenye kigoda karibu na mlango.

Msemaji wa Kisangani alianza na sitini.

Yaya alicheka mpaka akakohoa. "Soixante? Hiyo ni kilo ya mutoto wa komunyo. Sisi tunasema soixante-six, sitini na sita."

Basi wakaanza. Yule akapanda kidogo, huyu akashuka kidogo. Yule akachukua kofia yake kama anayeondoka, akarudishwa. Yaya akamsimulia taabu za familia, yule akamsimulia ubaya wa barabara ya kutoka Kisangani. Mimi nilikuwa namimina bia na nilijua ngoma ile, nilikuwa nimeisikia nyuma ya pazia la baba yangu. Niliona wazi wanapokwenda. Walikuwa wanakwenda katikati, sitini na tatu, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kumtazama mtu aliyeketi kwenye kigoda.

Nikaweka chupa chini. "Yaya, na mwenye mwili mumemuuliza?"

Mmoja wa wageni akasema, "Maman, kilo ya bwana yako weye ndiye unaijua kutupita sisi wote," na salon yote, sebule yetu nzima, ikaangua kicheko. Hata mimi aibu ilinishika. Yaya akaniambia kwa upole nilete bia nyingine. Bwana yangu alikuwa anatazama sakafu. Kwetu anayesemewa hasemi. Bibi arusi hatoki nyuma ya pazia kusema mimi nina thamani ya ng'ombe fulani. Yeye naye alikaa hivyo hivyo, mwanaume mzima mwenye mabega yale, akisubiri wamalize kumpatana. Wakapeana mikono: sitini na tatu.

Jikoni nilimshika mkono. "Kataa. Mwambie hauwezi."

"Neno ya Yaya imekwisha kutoka," akasema.

"Ilitoka katika kinywa chake, si katika tumbo lako."

"Na weye, ni nani alikuleta hapa? Leo nimuvunje mbele ya watu?"

Ni kweli ni Yaya aliyenileta. Tena alimlea bwana yangu tangu baba yao alipofariki, akamnunulia viatu vya kwanza. Shuleni tulifundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Bwana yangu alisikia.

Zile kilo za kwanza zilitoka kwa kukimbia. Alivaa pulova mbili na mfuko wa plastiki chini yake, akashuka kutoka Kadutu mpaka ziwani na kupanda tena, na mnajua mji wetu huu hauna mahali pa tambarare. Kisha aliacha bugali. Kisha chumvi. Kisha akaanza kuacha maji, na hapo ndipo nyumba yetu iliharibika. Midomo ilimpasuka. Mtu ambaye hakuwahi kunipandishia sauti alimfokea mtoto wetu kwa sababu alikunywa maji kwa kelele. Usiku ule ule akamwomba mtoto msamaha, na sauti yake ilikuwa kavu mpaka mtoto akamwogopa zaidi.

Mimi nilipika makusudi. Nilipika samaki, nikaweka mafuta ya mawese ili harufu imfuate hata uani. Nilimwekea sahani mbele. "Kula. Ukizidisha kilo watasema umeshindwa, utarudi nyumbani, tutalala. Kushindwa si kufa."

Alifunika sahani kwa sahani nyingine, taratibu, akaisogeza kwangu. "Usinitese, mama," akasema. Nilitoka nje nikalia, na niliporudi alikuwa amelala akiwa amekaa.

Siku aliposhindwa kumbeba mtoto wetu mdogo kumtoa kitandani, nilifunga kikwembe changu kiunoni nikaenda kwa Yaya. Nilipiga magoti, jambo ambalo sijalifanya tena kwa mtu yeyote. Nilimwambia, mdogo wenu anakauka, nendeni kwa watu wale muombe kilo mbili, tatu. Alinisikiliza vizuri. Aliniinua. Halafu akasema, "Mama, unajua wale watu walitaka ngapi? Sitini. Kilo tatu ni miye nimemupatia." Alisema akiwa na uso wa mtu aliyetoa zawadi. Aliamini kabisa. Hakuwa mtu mbaya yule, na afadhali angekuwa mbaya, ningejua pa kuweka hasira yangu.

Jumapili asubuhi walimpandisha kwenye mizani mbele ya pande zote mbili. Alikuwa amezidi kidogo sana. Wakampa muda. Alijifunika blanketi akarukaruka kwenye kona, akitema mate ndani ya mkebe, lakini mate yenyewe hayakuwepo tena. Kisha akavua kila kitu, na wanaume wakashika kikwembe changu kumzungushia. Nilisimama mlangoni nikimwomba Mungu ule mshale ukatae. Nilimwomba kwa nguvu. Mshale ulikaa kwenye sitini na tatu, na Yaya akainua mikono juu kama ni yeye aliyepigana.

Alasiri ile alianza vizuri, ndiyo, watu walipiga kelele. Maji aliyokunywa baada ya mizani alikuwa ameyatapika yote, lakini alianza vizuri. Halafu miguu ilimwacha. Ngumi iliyomwangusha haikuwa kubwa. Nimewahi kumwona akipigwa zaidi ya ile akacheka na kunitafuta kwa macho. Safari hii alikaa chini, akatazama mikono yake, akalala upande. Hospitalini daktari aliniambia damu imevuja ndani ya kichwa, na kwamba mwili uliokaushwa vile haubebi kitu. Hakuamka tena. Nilimlowesha midomo kwa kitambaa mpaka mwisho, na maji yalipita pembeni yakaloanisha mto.

Kwenye kilio yule mchezaji wa Kisangani alikuja. Wanawake walitaka kumfukuza, nikasema mwacheni. Hakujua wanaume wanakaa wapi, akaja akakaa mkekani karibu nami, jicho moja limevimba. Kwa karibu nikaona midomo yake. Ilikuwa imepasuka sawasawa na ile niliyoilowesha hospitalini.

"Maman," akasema, "unisamehe. Na miye nilikuwa na sitini na tano. Nilikauka pia."

Nilimuuliza, kama ni hivyo kwa nini walitaja sitini.

"Walituambia watu wa Bukavu wanajua kupatana. Tuanzie chini, ili tukuwe na pa kupanda. Ile soixante-six ya wazee wenu, tungeikubali. Tulikuwa tunangoja tu wakaze."

Sikulia pale. Nilimtazama mpaka akainama. Sitini na sita ingekuwa ni kukimbia siku chache na kuacha chumvi, basi. Angefika kwenye mizani akiwa anacheka. Kila mtu katika ile salon alikuwa tayari kutoa, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha kupatana, kwa sababu wanaume wenye heshima hawakubali bei ya kwanza. Ndicho kilichomuua bwana yangu, si kingine.

Yaya ndiye aliyesomesha watoto wangu. Hakukosa hata muhula mmoja. Na kila mwaka, tukitoka kwenye misa ya kumkumbuka marehemu, huja kuketi kwangu, sasa ni mzee, na anasema neno lile lile analojifariji nalo. "Walitaka sitini, mama. Miye niliwapandisha mpaka sitini na tatu. Nilifanya niliyoweza."

Neno la yule wa Kisangani sijamwambia. Si kwamba nimesamehe, sijui kama nimesamehe. Lakini nikilitamka litamuua, na mimi nimechoka kuzika watu wa nyumba hii. Kwa hiyo nalibeba peke yangu, na linanichoma kila mara kama vile nimelisikia jana.

"Ndiyo, Yaya," namjibu. "Mulifanya." Kisha namwongezea chai.