Weldon Vass na Mkono Juu ya Paa

Watu wengi wakianguka kutoka mahali pa juu hurudi kwao gizani, wasionekane. Weldon Vass alirudi mjini kwao Hillsville saa nne asubuhi, tena wikendi ile ya mnada mkubwa wa vitu vya kale, mji umefurika mpaka watu wanatembea katikati ya barabara, naye anaburuta trela yenye kochi, friji, na helmeti zake za mashindano ndani ya ndoo. Foleni ilimshika mbele ya mahakama muda wa kutosha kila mtu kumtazama hadi kiu ikaisha.

"Weldon, umerudi?"

"Nimerudi."

"Ndiyo umerudi kabisa?"

"Friji si umeliona."

Mama mmoja aliyekuwa akiuza vikombe vya zamani akampa andazi kupitia dirishani, na hiyo ndiyo ikawa sherehe ya kumpokea.

Alikuwa ametoka Carolina, jimbo la jirani, alikoendesha kwa misimu minne kama dereva wa kulipwa, katika mbio zilezile za magari ambazo watu wa kwao huziangalia kwenye televisheni Jumapili wakitoka kanisani. Hakuwa nyota, lakini hakuwa takataka. Siku moja alimaliza wa saba, na watu walipiga honi mjini kana kwamba kuna harusi. Kilichomrudisha si ajali wala uzembe. Kampuni ya rangi iliyokuwa ikilipia gari lake ilifikiri ikaona kwamba watu hununua rangi hata wasipoiona ikizungushwa uwanjani, ikajitoa. Tajiri wa gari naye akafunga gereji. Ndivyo ilivyo kazi ile: dereva hulala akiwa na gari, akaamka ana helmeti tu.

Mtu akitaka kujua Weldon alijifunzia wapi, basi ni kwenye lori la kabichi. Baba yake, mzee Clem, alilima kabichi katika miteremko ya milima ile, na kijana alikabidhiwa lori kabla hajaota ndevu. Lori la kabichi halitaki papara. Ukikanyaga breki kwa hasira, kabichi huja mbele kukuuliza una nini. Ukikata kona kwa pupa, zinateremka zenyewe hadi kwa majirani, na majirani wa kule hawana tabia ya kurudisha kabichi. Kwa hiyo mguu wake ukawa mwepesi, na mikono yake ikazoea kuusihi usukani badala ya kuuamrisha. Alipoanza kukimbia katika uwanja mdogo wa Doe Knob, wenzake walimaliza tairi zao katikati ya mbio, zake bado zinadai kazi.

Sasa amerudi hapohapo Doe Knob. Siku za kazi anachomelea matrela, siku ya mbio anaendesha gari alilolijenga upya na mjomba wake Posey, fundi mwenye mikono ya dhahabu na mdomo usio na breki. Kilichopungua kilikuwa mwangalizi.

Dereva wa mbio hizi amefungwa mikanda kama mtoto mgongoni. Shingo haigeuki, kelele zimejaa, na gari la pembeni yake halioni. Mwangalizi husimama juu ya paa la jukwaa la watazamaji, akamwambia kwa redio ya upepo: ndani yupo mtu, bado yupo, sasa peupe. Ndani ni upande wa katikati ya uwanja, na peupe ni kwamba njia iko wazi. Dereva husogea kwa neno hilo tu, asipepese. Kule Carolina kazi hiyo ilifanywa na mtu wa mshahara. Hillsville ilifanywa na mke wake, Arlene.

Arlene alikuwa dereva wa basi la shule. Asubuhi na jioni alipanda na kushuka milima ile, watoto wanapigana nyuma, ukungu mbele, magogo barabarani, na hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. "Dwayne, rudisha kiatu cha mwenzako," basi, na kiatu kinarudi. Sauti hiyohiyo aliipeleka paani. Weldon alikuwa akisema kwamba kule kwa wakubwa aliambiwa mambo mengi na kuona machache, na kwa Arlene aliambiwa machache akaona yote. Misimu miwili wakawa wanashinda mara kwa mara, na habari zikavuka mpaka wa jimbo.

Ndipo alipopiga simu mzee Hobart Lineberry. Huyu alikuwa tajiri wa magari ya mbio kule Carolina, na dereva wake alikuwa anastaafu mwisho wa msimu. Weldon alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Katika kazi ile, mtu wa umri huo hapigiwi simu ya namna hiyo mara ya pili.

"Nafasi ipo," akasema Lineberry. "Ila mwangalizi ninaye wangu. Mtu wa kazi, si mke wa mtu."

"Mke wa mtu ndiye mwangalizi wangu, mzee."

"Nimekuambia ninaye."

"Njoo ututazame pamoja kwanza. Kisu unakitaka, mpini unautupa, utakishikaje?"

Lineberry akacheka puani. "Na mpini ukiwa na ufa?"

"Utauona mwenyewe."

Wakakubaliana: mbio za mwisho za msimu, Jumapili moja ya Oktoba, mchana. Akipenda anachokiona, atawachukua wote wawili. Asipopenda, Weldon ataamua kama anakwenda bila Arlene au anabaki na matrela yake.

Sharti hilo Weldon alilificha. Hakutaka mkewe apande paani na mzigo kichwani. Lakini alimwambia Posey, na kumwambia Posey ni kama kubandika tangazo ukutani. Asubuhi ya mbio, Posey akiwa anakaza nati za tairi, akamwambia Arlene kwa nia njema kabisa, "Leo angalia vizuri, binti, maana ni wewe unayepimwa."

"Napimwa na nani?"

Posey akainamia nati zake, lakini alikuwa amechelewa. Arlene akamng'ang'ania mpaka yote yakatoka. Hakumwambia mumewe kitu. Alichukua redio yake, akapanda ngazi za paani, akasimama miongoni mwa waangalizi wengine.

Jirani yake pale juu alikuwa Rusty Goad, mtu mnene mwenye kofia pana ya majani, mwangalizi wa mwanawe Tanner aliyekuwa akiongoza msimu.

"Bibi Vass," akasema Rusty, "leo umenyamaza sana. Watoto wa basi wamekula maneno yote?"

"Nakuwekea ya mwisho wa mbio, bwana Goad. Utayahitaji."

Rusty akapiga paja akacheka. Chini yao, katikati ya jukwaa, mzee Lineberry alikuwa ameketi juu ya mto wake, mkate wa soseji mkononi, na masikioni amevaa vile vidude vya kusikiliza redio za madereva. Mtazamaji yeyote anaweza kuvaa. Watu wa Doe Knob huvaa hasa kwa ajili ya matusi.

Mbio zilianza vizuri. Weldon aliwaacha wenye pupa wamalize tairi zao, akasogea kidogo kidogo mpaka akawa wa pili, mgongoni mwa Tanner Goad. Jua la Oktoba lilikuwa limeteremka kiasi, likakaa sawasawa juu ya kona ya tatu, likichoma macho ya waliosimama paani. Weldon akapita nje, akamfikia Tanner ubavuni, akaanza kumtangulia. Kilichobaki kilikuwa kushuka ndani na kuichukua njia.

"Bado ndani," ikasema sauti ya Arlene. "Bado." Kisha, haraka kuliko kawaida yake: "Peupe."

Weldon akashuka. Haikuwa peupe. Pua ya gari la Tanner bado ilikuwa kwenye tairi lake la nyuma. Kishindo kikamjia mgongoni, na kwenye kioo akaona gari la Tanner likigeuka kama sahani iliyodondoka, likaingia nyasini likitoa moshi. Bendera ya njano ikatoka, magari yote yakapunguza mwendo.

Sasa pale Doe Knob wana desturi yao. Gari moja likimzungusha mwenzake, wote wawili hupelekwa mkiani bila kuulizwa nani alianza, maana ukiwauliza madereva nani alianza mtakaa hapo mpaka theluji ianguke. Ila mwenye kosa akitaka, hutoa mkono dirishani akapiga paa la gari lake mbele ya mshika bendera. Maana yake: ni mimi. Hapo huenda mkiani peke yake, na aliyegongwa hurudishiwa nafasi yake. Wanaofanya hivyo ni wachache. Wapo waliozeeka katika mchezo ule na mikono yao haijui paa lina joto gani.

"Weldon," ikasema redio kwa sauti ya Arlene. "Weldon, ni mimi nili—"

"Subiri kidogo, mama."

"Usipige paa. Mzee yule anatazama. Mwambie baadaye ni mimi niliyesema peupe."

"Usukani ulikuwa mkononi mwa nani?"

Posey naye akaingia kwenye redio. "Kijana, ukitoa mkono huo nitaukata kwa msumeno. Nyamaza tu, mwende wote mkiani, hakuna atakayejua."

Weldon akalegeza wavu wa dirisha, akatoa mkono, akapiga paa, akiwa anapita taratibu mbele ya mshika bendera. Jukwaa likavuma: wengine wakashangilia, wengine wakamzomea kwa mazoea tu. Tanner akarudishiwa uongozi. Weldon akaenda nyuma kabisa, akafuata magari ambayo alikwishayapita yote.

Redio ikawa kimya.

"Arlene?"

Akabonyeza tena kitufe cha redio.

"Arlene, wanakaribia kuanza tena."

"Namwachia Posey kazi," akasema. "Mimi nashuka."

"Posey haoni hata ndevu zake. Niambie kitu."

"Kitu gani?"

"Chochote. Jioni tunakula nini?"

Arlene akajibu: "Maharage. Na mkate wa mahindi."

"Na kabichi?"

"Umekula kabichi tangu utoto, Weldon Vass, na bado unauliza."

"Basi hujafa. Ongea nami, mama. Siwezi kupita watu wote hawa gizani."

Pale juu Rusty Goad alikuwa amesikia upande mmoja wa mazungumzo, na upande wa pili akaukisia. Mwanawe ndiye aliyezungushwa, na angekuwa na haki ya kununa. Badala yake alivua ile kofia pana akamvisha Arlene kichwani, ikamfunika hadi nyusi.

"Vaa. Ukimgonga mwanangu tena, umgonge unaona."

Arlene akaivuta vizuri, akaziba jua. Akahama pia, akasogea mpaka ukingo wa paa ambako kona ya tatu ilionekana kwa ubavu. Bendera ya kijani ikatoka, na sauti yake ikarudi ile ya asubuhi zenye ukungu. "Ndani. Bado. Bado. Peupe." Weldon akasogea, akapita mmoja. "Nje wawili wanagombana, wasubiri waharibu." Wakaharibu, akawapita. Ikafika mahali, katika kona ileile, Arlene akasema, "Sioni. Sijui yuko wapi. Kaa hapo hapo." Weldon akakaa. Kweli mtu alikuwepo.

Tanner Goad akashinda. Weldon alimaliza wa nne, na tairi zake bado zilikuwa na mzunguko mwingine au miwili ya kutoa.

Walipokuwa wanaliegesha gari, mzee Lineberry akaja taratibu, mto wake kwapani. Arlene naye alikuwa ndiyo kwanza ameteremka ngazi.

"Bwana Vass," akasema mzee, "paa ulilipiga kwa kosa lisilo lako. Nilikuwa nasikiliza."

"Gari niliendesha mimi."

"Usinijibu kama mwanasheria."

"Kosa ni langu," akasema Arlene. Alisimama wima kama anaongea na mkuu wa shule. "Na silaumu jua. Jua lilikuwepo kwa kila mtu. Nilikuwa sioni, na badala ya kusema sioni, nikasema peupe, kwa sababu nilitaka sana ashinde mbele yako. Nilibahatisha. Mtoto akivuka barabara mbele ya basi langu sibahatishi, lakini leo nimebahatisha."

Posey akajifanya anatafuta kitu chini ya gari.

Lineberry akakuna shingo. "Mtu wangu wa kazi," akasema, "nimekaa naye miaka mingi. Anaona vizuri sana. Lakini magari yangu yameumia mara nyingi, na kila mara ananiambia alikuwa ameona sawasawa." Akageuka kwa Weldon. "Siahidi kiti. Njooni Jumanne mfanye majaribio kwenye uwanja mkubwa. Wote wawili."

Weldon akafungua mdomo kukubali.

"Jumanne nina basi," akasema Arlene.

Weldon akafumba macho. Posey chini ya gari akagonga kichwa.

"Basi?" akauliza Lineberry.

"La shule. Nikitaka kukosa lazima niseme wiki moja kabla, wamtafute mwingine. Jumamosi naweza."

Mzee akamtazama Weldon, kama anayemuuliza iwapo mambo huwa hivi siku zote. Weldon akainua mabega.

"Jumamosi, basi," akasema Lineberry. "Asubuhi na mapema. Na njooni na nguo nzito, paa la kule lina upepo."

Alipokwisha kuondoka, walibaki wameegemea gari, bega kwa bega. Weldon alimwambia mkewe kwamba hakutaka ajue lile sharti, kwa kumwonea huruma. Arlene akamwambia huruma ya namna hiyo asimletee tena, maana paani mtu anahitaji kujua kila kitu, vinginevyo anamwangalizia nini. Weldon akakubali. Kisha akamweleza uwanja ule mkubwa ulivyo, unavyopinda, mahali upepo unapopiga, kona ambayo gari hupotea kabisa nyuma ya mnara, naye akamsikiliza na kumuuliza maswali mpaka Posey akalalamika kwamba hakuna anayemsaidia kupakia tairi.