Zamu ya Jacinta

Watu wa Usenge wamekisahau kisa hiki haraka mno. Mimi sijakisahau, na tafadhali usiniambie hasira hasara.

Adongo na Jacinta walikuwa wake wenza. Bwana wao alipofariki, walibaki na boma moja na kiko kimoja. Walipokezana kiko hicho huku wakichambua omena, wale dagaa wa ziwani, na kutusengenya sisi majirani. Tumbaku ilikuwa kazi ya Adongo. Alilima majani nyuma ya nyumba, akayatundika kwenye uchaga wa jikoni, juu ya moto aliokaushia samaki, nayo yakala moshi miezi na miezi hadi yakawa meusi tititi. Nimeionja. Kwanza ni uchungu, halafu unakuja utamu kidogo wa muwa ulioungua, na mwishowe moshi wa samaki unabaki nyuma ya ulimi. Haikuchoma mdomo wala kuzimika ovyo. Kiko kimoja kilidumu hadi beseni zima la omena likaisha.

Mwaka jana Adongo alikuwa Milimani, Kisumu, kwa mwanawe Joram, akitibiwa macho. Huku nyuma Jacinta akaugua, akalala asiinuke. Uji aliukataa. Alichotaka ni mwenzake arudi wavute pamoja kabla hajafa.

Sasa Joram, shemasi na mtu wa gari kubwa, alikuwa amemwandalia mama yake zawadi ya siri. Alituma mafundi wabomoe jiko la zamani, wajenge jipya lenye gesi na vigae vyeupe. Kila walichokikuta uchagani walikitupa shimoni wakakichoma. Tumbaku ya msimu mzima! Nilikimbia nikipiga kelele.

"Mama, hiyo ni uchafu tu," fundi akanijibu. "Boss alisema tutoe yote."

Moshi ulitanda hadi ufuoni. Wazee walisimama wakinusa, wajinga wale, hawakujua wananusa nini.

Adongo aliporudi hakusema asante. Alisimama mlangoni akiangalia ule weupe.

"Joram, tumbaku yangu iko wapi?"

"Hiyo takataka, Mama? Nitakuletea ya maana."

Akaleta kopo la tumbaku kutoka mjini Kisumu. Ilikuwa nyeusi kweli, lakini mbichimbichi, imetiwa manukato ya matunda. Tulimwinua Jacinta akavuta. Harufu ilikuwa ya keki ya harusi, ila mdomoni ilikuwa mvuke wa sufuria, na kiko kikazimika kabla hajavuta vizuri. Akatema.

"Nyieka," alimwambia mke mwenzake, "hii ni sabuni. Mimi nangoja yako."

Adongo alitoka, akaokota mawe matatu, akayapanga katikati ya jiko jipya na kuwasha kuni juu ya vigae. Vikapasuka, pa! Majani machache yaliyobaki shambani akayatundika kwenye fimbo ya pazia. Habari zikamfikia Joram mjini, akapiga simu, sauti juu.

"Mama, utachoma nyumba!"

"Wewe ulishachoma," akamjibu, akakata.

Usiku na mchana alichochea. Dari likawa jeusi, macho yaliyotibiwa yakavimba tena. Lakini moshi hauharakishwi. Jacinta alikufa majani yakiwa bado ya kahawia.

Siku ya mazishi Adongo alijaza kiko ile tumbaku isiyoiva, akavuta mbele ya kaburi. Kisha, kama alivyozoea, akanyoosha mkono pembeni kumpa mwenzake. Mkono ukakaa pale. Mimi nililia, nasema wazi. Yeye hakulia. Alimtafuta Joram kwa macho.

"Kuja hapa. Vuta."

"Mama, pasta ako hapa."

"Hata yeye aone. Hii ni zamu ya mama yako mdogo."

Shemasi akavuta. Tumbaku ikamkaba koo, akakohoa, machozi yakamtiririkia hadi kwenye tai. Wageni wa Kisumu wakanong'onezana, tazameni alivyompenda marehemu! Joram akamrudishia mama yake kiko kwa mikono miwili.

Adongo hakukipokea.

"Maliza," alisema.