Sindano na Kinu

Juzi niliona mambo! Bwana wa ujenzi alikuja Bagamoyo na chombo chenye sindano inayochora kwenye karatasi, akakiweka ghorofani katika nyumba kongwe, apime mtetemo wa sakafu na kuamua kama boriti zibadilishwe. Akawaomba akina mama wa humo watembee kama kawaida. Wakavua makubadhi, wakanyata. Mbele ya mgeni, nani atikise nyumba? Sindano ikatulia tuli.

“Sakafu imara,” akatangaza.

“Ngoja kwanza, bwana,” akasema mama mpangaji. “Sisi hatuishi hivyo.”

Akaburura kinu, akatwanga mpunga kwa nguvu zote. Sindano ikaruka nje ya karatasi, chokaa ikatumwagikia vichwani.

“Zibadilishwe!” bwana akapiga kelele. Vigelegele vikapasua dari.

Sasa nikisoma ripoti ya wakubwa kwamba raia wametulia, najiuliza: walipimwa wakinyata au wakitwanga?