Mwenye Joho Aliyesimama Nyuma

Kufikia mwaka wa 1973, Nyangate alikuwa amelainisha mawe ya mumewe, Ratemo, kwa miaka kumi na mmoja, na asubuhi vidole vyake vilikataa kukunjika. Ratemo alichonga, yeye alikaa na beseni la maji na karatasi ya msasa, akisugua mpaka lile jiwe laini la machimbo ya Tabaka ling'ae. Kila alipotoka shambani, kazi hiyo ilikuwa ikimngoja.

Siku moja Fred Oyoo, mfanyabiashara wa Kisumu aliyenunua vinyago vyao, alileta picha aliyoikata kwenye kalenda. Ilikuwa nakala ya mchoro wa Uhispania wa miaka mia mbili iliyopita. Kijana ameketi chini anapiga gitaa, msichana anajipepea huku akimtazama, na nyuma yao amesimama mwanamume wa tatu, kajifunika joho mpaka kidevuni.

"Nichongee hawa wawili," Oyoo alisema. "Jozi thelathini. Wageni wanapenda mambo ya mapenzi. Huyu wa nyuma mwache."

Nyuzi za gitaa zilimtesa Nyangate. Kila mfereji ulidai msasa uliokunjwa ukawa mwembamba kama ujiti. Kwenye jozi ya ishirini aliutupa msasa ndani ya beseni.

"Baba Nyasani, watu hawa hawana shamba? Mwanamume mzima kutwa anapiga nyuzi!"

"Hata wewe ulipigiwa," Ratemo alijibu bila kuinua macho.

 Nyangate alipokuwa msichana, kijana mmoja aitwaye Onchiri alizoea kuja karibu na boma lao na obokano, kile kinubi kikubwa cha nyuzi nane, akaimba mpaka ng'ombe wakamaliza kukamwa. Kisha Onchiri akaenda kutafuta kazi Kericho, asirudi, na babake Ratemo akaja kuposa. Mumewe hakuwahi kusimuliwa habari hizo.

"Ulijuaje?"

Ratemo aliweka kidole chenye vumbi jeupe juu ya yule mwenye joho kwenye picha. "Mimi ndiye huyu. Nilikuwa nasimama kwenye migomba yenu. Jioni nyingi. Sikujua kupiga chochote."

"Na hukusema neno?"

"Ningesema nini, Mama Nyasani? Ulikuwa unasikiliza."

Miaka yote Nyangate alidhani mkwewe ndiye aliyemchagua, kama mtu anavyochagua jembe sokoni. Alitaka kukasirika, akakosa nguvu.

"Ungekohoa hata," alisema.

Ratemo alicheka mpaka vumbi likampalia, akakohoa kwelikweli, na Nyangate akampa maji. Kisha mume akauokota msasa kwenye beseni na, kwa mara ya kwanza tangu waoane, akalainisha mwenyewe, nyuzi za jozi zote zilizobaki. Alizilainisha vibaya. Alipokwenda kuoga, Nyangate alizirudia moja moja, na hakumwambia.